Pima ng'ombe wako wa asili kabla hujabadilisha dume

Masika yamekwisha, majani bado yapo na ng'ombe wana nyama mwilini. Ndugu mfugaji wa Musoma, Bunda na Butiama, huu ndio wakati wa kazi ambayo wengi tunairuka: kupima maumbile ya ng'ombe wetu wa asili na kuyaandika.

Zebu wa pembe fupi wa Tanzania si aina moja. Wapo Singida Weupe, Iringa Wekundu, Mkalama, wa Kimaasai, wa Kigogo, na hapa kwetu Mara wapo wa Tarime, waliofugwa na Wakurya kizazi hadi kizazi. Rangi peke yake haitoshi kuwatofautisha, kwani boma moja huweza kuwa na wekundu, weusi na wa madoa. Vipimo vya wanyama wengi, kutoka maboma mengi, ndivyo vinavyoanza kuonyesha kama kundi lina umbo lake.

Tafuta tepu ya fundi cherehani, daftari na msaidizi. Pima asubuhi, kabla ng'ombe hawajalishwa wala kunyweshwa, wakiwa wamesimama sawasawa kwenye ardhi tambarare. Siku ya josho hurahisisha kazi. Chukua waliokomaa tu, wenye meno manane ya kudumu ya mbele, na waandike majike peke yao na madume peke yao. Majike wenye mimba kubwa waache. Pima haya:

1. Mzunguko wa kifua: pitisha tepu nyuma ya miguu ya mbele na nyuma ya nundu.
2. Urefu wa mwili: kutoka ncha ya bega hadi ncha ya mfupa wa tako.
3. Kimo: kutoka ardhini hadi mgongoni, nyuma tu ya nundu.
4. Urefu wa pembe na wa sikio.

Ongeza rangi, ukubwa wa nundu na namba ya hereni. Mtu mmoja awapime wote, na kila kipimo kirudiwe mara mbili.

Faida huanzia nyumbani. Zidisha mzunguko wa kifua kwa wenyewe, kisha kwa urefu wa mwili, vyote kwa sentimita, halafu gawa kwa 10,840, upate uzito kwa kilo. Jike mwenye kifua cha sentimita 140 na urefu wa 115 ana takriban kilo 208. Ni makisio, lakini kwa kipimo cha dawa ya minyoo ni bora kuliko kukadiria kwa macho.

Vipimo vina mipaka. Ukame na malisho haba hudumaza mnyama, hivyo usilinganishe kundi la kiangazi na la baada ya mvua. Uthibitisho wa damu hutoka maabara. Hata hivyo, bila daftari lako mtaalamu hana pa kuanzia.

Kwa nini tuhangaike? Tazama kondoo wekundu wa Kimaasai. Wanastahimili minyoo vizuri, lakini tangu miaka ya 1970 wafugaji wengi wa Kenya waliwapandisha na kondoo wa aina ya Dorper ili wapate miili mikubwa, na leo kondoo halisi ni adimu. Damu ikishachanganywa boma kwa boma, kuirudisha ni kazi ngumu.

Sikukatazi kupandisha chotara. Mwenye malisho, maji na dawa za kutosha apandishe baadhi ya majike apate maziwa. Lakini tenga majike wa asili wanaozaa vizuri na waliovuka ukame, uwape dume wa asili asiye ndugu yao. Usimchague kwa ukubwa tu, angalia pia mama yake alivyozaa na kulea. Madume wasiofaa wahasiwe mapema. Badilishaneni madume na jirani kila baada ya miaka michache ili kuepuka kuzaliana ndugu kwa ndugu.

Peleka nakala ya vipimo kwa ofisa mifugo wa kata yako, na umshawishi jirani apime wake pia. Anza wiki hii, kabla kiangazi hakijawakondesha, na usimuuze dume wako wa mwisho wa asili kabla hujapata mrithi wake.