Ukuta wa Blanketi: Filamu za Mapenzi Zinatufundisha Nini?

Leo tuongelee kitu ambacho, tusidanganyane, wengi wetu tunakijua kuliko Katekisimu: filamu za mapenzi za kuchekesha. Mvulana na msichana wanakutana, wanagombana, wanaachana, mwisho wanakumbatiana. Tunacheka, tunazima simu, tunalala. Lakini kuna kitu kinabaki kichwani, na siku ukipenda kweli, ndicho kinachokuongoza bila wewe kujua.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1934 huko Marekani ilitoka filamu ya It Happened One Night ya Frank Capra. Ilipata tuzo 5 za Oscar. Binti wa tajiri amemtoroka baba yake, anasafiri kwa basi pamoja na mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi. Usiku wanalazimika kulala chumba kimoja. Mwanaume anafunga kamba katikati ya vitanda viwili, anatundika blanketi, analiita kuta za Yeriko, zile za kitabu cha Yoshua sura ya 6. Usiku mmoja binti analivuka kwa mapenzi, naye anamwambia arudi kitandani kwake. Mwisho kabisa, wakishaoana, ndipo blanketi linaanguka.

Safi, si ndiyo? Subiri kwanza. Katika filamu hiyohiyo mwanaume huyo anamwambia baba wa binti kwamba anachohitaji binti yake ni mume wa kumchapa ngumi kila siku. Na watu walicheka! Mwili wake uliheshimiwa kwa blanketi, ila kupigwa kwake kukawa utani.

Miaka miwili baadaye, 1936, Papa Pius XI aliandika waraka Vigilanti Cura kuhusu sinema. Hakusema kuangalia filamu ni dhambi. Alisema filamu zina nguvu kubwa ya kuwafundisha watu, kwa wema au kwa ubaya. Kwa hiyo tuangalie, ila tukiwa macho.

Mwaka 1949 ikaja Adam's Rib, yaani ubavu wa Adamu. Unaona jina limetoka wapi? Mwanzo sura ya 2. Mume na mke wote ni wanasheria. Mume anamshtaki mwanamke aliyemfyatulia risasi mumewe mzinzi, mke anamtetea. Swali la mke ni moja: angekuwa mwanaume kafanya hivi, mngemhukumu hivihivi? Sasa mwanamke si wa kuokolewa tu. Anasimama mahakamani, anabishana na mumewe, na bado wanapendana.

Songa mpaka 1990, Pretty Woman. Tajiri anamlipa kahaba akae naye wiki moja, halafu penzi linaota. Dada huyu ana sauti, ana akili, mwisho anakataa kuwekwa tu kama kimada. Lakini angalia penzi lilipoanzia: kwenye bei. Kisha 1998, There's Something About Mary. Mwanaume anakodi mpelelezi amtafute msichana aliyempenda enzi za shule, na wanaume kadhaa wanamdanganya ili wampate. Sisi tunacheka.

Kwa hiyo mwanamke wa kwenye filamu amepanda: amepata kazi, elimu na neno la kusema. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Ila kuna uongo mmoja haujazeeka: kwamba "hapana" ya msichana maana yake ni "ongeza bidii".

Uongo huo mimi niliuamini. Nilipokuwa kidato cha sita nilimpenda binti mmoja wa kwaya. Akaniambia hapana, kwa adabu kabisa. Mimi nikajisemea, hajaona bado. Nikawa namsubiri nje ya kanisa kila siku ya mazoezi, eti aone sichoki. Mwezi wa pili akaacha kwaya. Nikadhani ni masomo. Baadaye sana dada yake akaniambia: alikuwa anaogopa kupita ile njia. Jamani! Mimi nilijiona nyota wa filamu, kumbe kwake nilikuwa kitisho. Nilimnyima mtu kumwimbia Mungu, nikaita upendo. Niliungama, lakini kiti chake kwenye kwaya kilibaki kitupu.

Askofu Karol Wojtyła, kabla hajawa Papa Yohane Paulo II, alitoa mwaka 1960 kitabu kuhusu upendo na wajibu. Anafundisha kwamba mtu si chombo cha kutumiwa, na kumtumia mtu ni kinyume cha kumpenda. Unaweza kumtumia mtu kwa pesa, kwa mwili, hata kwa machozi yako mwenyewe ili akuonee huruma. Na wadada nao wajipime: kumwambia kaka "njoo" leo na "nenda" kesho ili akukimbilie tu, huko nako ni kutumia.

Sasa fungua Luka 1:26-38. Mungu Mwenyezi anataka kuja duniani. Angeweza kulazimisha. Badala yake anamtuma malaika kwa msichana wa Nazareti. Maria anauliza swali, anajibiwa, kisha anakubali kwa hiari yake. Kama Mungu mwenyewe alisubiri "ndiyo" ya binti, wewe ni nani usiyekubali "hapana"?

Na ukuta wa blanketi? Blanketi ni jepesi, hata mtoto angelivuta. Lililolishikilia ni neno la mtu tu. Usafi wa moyo ndivyo ulivyo. Hakuna mlinzi mlangoni, kuna heshima yako kwa mwenzako.

Maswali ya kujadili kwenye jumuiya:
1. Ni filamu gani ilikufundisha kupenda? Ilikufundisha nini kibaya?
2. Kuna mtu ambaye "hapana" yake hukuisikia? Utafanya nini wiki hii?
3. Soma Waefeso 5:21. Kunyenyekeana kunaonekanaje kati ya mvulana na msichana?

Tusali: Ee Yesu, uliyegonga mlango bila kuuvunja, tufundishe kupenda bila kulazimisha na kungoja bila kutisha. Waponye tuliowatia hofu. Mama Maria, utuombee. Amina.