Haki ya Kunyamaza: Somo Kutoka Marekani

Muhula uliopita, katika kikao cha chama chetu, mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza aliniuliza swali. Alikuwa ametazama filamu ya Kimarekani wakati wa likizo, akamwona polisi akimfunga mtu pingu huku akimwambia ana haki ya kunyamaza. "Sasa kama ni mwizi, mbona aambiwe anyamaze? Si angeambiwa aseme ukweli?" Wenzangu waliangua kicheko. Mimi nikiwa katibu sikuwa na jibu.

Swali hilo lilinigusa kwa sababu ya kaka yangu. Aliwahi kushikwa usiku akitoka kazini, ati kwa ajili ya baiskeli iliyoibwa. Alipewa karatasi atie sahihi. Alikuwa na njaa na usingizi, basi akatia bila kusoma. Kumbe alikuwa amekubali kosa! Mama aliuza mbuzi wawili kabla mambo hayo hayajaisha. Ndiposa nikaenda maktabani, na haya ndiyo niliyoyapata.

Katiba ya Marekani iliandikwa mjini Philadelphia mwaka wa 1787. Wengi walilalamika kwamba ilitaja nguvu za serikali pasipo kuorodhesha haki za raia. Kwa hivyo mwaka wa 1791 yaliongezwa marekebisho kumi. Hadi sasa yapo 27. Rekebisho la Kwanza linalinda uhuru wa kusema, wa dini, wa magazeti na wa kukusanyika. La Nne linakataza upekuzi usio na sababu ya haki. La Tano linasema mshtakiwa asilazimishwe kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. La Sita linampa haki ya kusaidiwa na wakili.

Lakini jamani, maandishi peke yake hayatoshi. Katiba hiyo hiyo iliwaacha watumwa utumwani hadi mwaka wa 1865, nao wanawake walihakikishiwa kura nchini kote mwaka wa 1920. Hata haki ya wakili ilibidi ipiganiwe mahakamani. Nitatoa mifano miwili.

Wa kwanza ni Clarence Earl Gideon. Mwaka wa 1961, huko Florida, alishtakiwa kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool na kuiba. Hakuwa na pesa, akaomba mahakama impe wakili, akanyimwa. Alijitetea mwenyewe, akashindwa, akafungwa miaka mitano. Akiwa gerezani alichukua penseli akaiandikia Mahakama ya Upeo. Mwaka wa 1963 majaji wote tisa walikubaliana naye kwamba mtu maskini anayeshtakiwa kwa kosa zito sharti apewe wakili. Kesi ikarudiwa, safari hii akiwa na wakili, naye akaachiliwa huru.

Wa pili ni Ernesto Miranda, aliyekamatwa huko Phoenix, Arizona, mwaka wa 1963 kwa makosa mazito. Alihojiwa kwa saa mbili hivi, akatia sahihi karatasi ya kukiri. Karatasi hiyo ilikuwa na maneno yaliyopigwa chapa kwamba anazijua haki zake. Lakini hakuna aliyekuwa amemwambia angeweza kuwa na wakili kando yake! Niliposoma hapo nilimkumbuka kaka yangu.

Mwaka wa 1966, kwa majaji watano dhidi ya wanne, Mahakama iliamua kwamba kabla ya kumhoji mtu aliye kizuizini, polisi wamwambie mambo manne: anaweza kunyamaza, atakayosema yaweza kutumiwa dhidi yake, ana haki ya wakili, na kama hana pesa, atapewa wakili. Filamu hukosea kidogo basi. Maneno hayo si ya kufungia pingu, ni ya kabla ya mahojiano.

Je, Miranda alikwenda zake nyumbani? La hasha! Alishtakiwa tena mwaka wa 1967 bila karatasi ile. Ushahidi mwingine ukatosha, akapatikana na hatia. Hili ndilo jibu la ndugu yetu wa kidato cha kwanza. Haki ya kunyamaza haimwokoi mwizi. Inamlazimu anayeshtaki alete ushahidi. Usiku ule wa kwanza hakuna ajuaye nani mwizi na nani kaka ya mtu.

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Nasi Wakenya tunayo haki hii. Kifungu cha 49 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema anayekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa, haki yake ya kunyamaza, na matokeo ya kutonyamaza. Tena anaweza kuwasiliana na wakili, na asilazimishwe kukiri. Lakini tusidanganyane, kunyamaza si kusema uongo wala kupigana na polisi.

Nilimsomea kaka yangu kifungu hicho. Akaniambia, "Kumbe ningesema tu, ngoja nisome kwanza." Naam, msomaji, tuanzie hapo. Usitie sahihi usichokisoma.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini Gideon alishinda mara ya pili?
2. Kuna tofauti gani kati ya kunyamaza na kudanganya?
3. Msomee mtu mmoja nyumbani Kifungu cha 49. Alisemaje?