Kichocho na Ini: Hatari Inayokaa Kimya

Likizo ya Desemba ikifika, mabasi ya kutoka Nairobi hujaa watu wanaorudi nyumbani kando ya ziwa. Wako wanaoshukia Homa Bay na Mbita, wako wanaoendelea hadi Sori na Muhuru Bay, na wengine huelekea Osiri kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyatike. Watoto waliozoea maji ya mfereji wakiliona ziwa hawashikiki. Jioni wanajikuna miguu, na mzazi anasema ni mbu.

Huenda ni mbu kweli. Huenda pia ni minyoo ya kichocho imeingia. Ili msomaji aelewe kwa nini mnyoo anayeingilia mguuni huja kuliumiza ini, yafaa kwanza tutazame jinsi mfumo wa kusaga chakula ulivyoungana na kiungo hicho.

Habari za ugali na omena wengi walizisoma shuleni. Chakula hutafunwa, hushuka kwenye umio, hukandwa tumboni kwa asidi, kisha huingia utumbo mwembamba wenye urefu wa mita 6 hivi. Hapo hukutana na nyongo kutoka kwenye ini, inayovunja mafuta, na maji ya kongosho. Kinachobaki hupita utumbo mpana na kutoka.

Jambo ambalo wengi husahau ni njia ya damu. Damu inayobeba chakula kilichosagwa hairudi moja kwa moja kwenye moyo. Hukusanywa katika mshipa mmoja mkubwa, pamoja na damu ya wengu, na kupelekwa kwenye ini. Ini la mtu mzima, lenye uzito wa kilo moja na nusu hivi, hupokea karibu lita moja na nusu ya damu kila dakika, na takriban robo tatu yake huja kwa mshipa huo. Ni kama kituo cha ukaguzi mpakani: sukari huwekwa akiba, sumu na pombe huvunjwa, protini za damu hutengenezwa, ndipo damu huruhusiwa kuendelea.

Mpango huu ni mzuri sana, ila una udhaifu mmoja. Lolote baya litokalo matumboni hufika kwenye ini kwanza.

Kichocho cha matumbo huanzia kwa konokono wadogo wa maji baridi. Hao hutoa vijidudu visivyoonekana kwa macho, hasa jua likiwa juu, navyo hupenya ngozi katika dakika chache. Mvuvi anayesukuma mashua, mama anayefua na kijana anayeosha mchanga wa dhahabu ndani ya dimbwi lenye konokono hao, wote wamo hatarini. Vijidudu husafiri katika damu, hukomaa, kisha minyoo dume na jike huishi pamoja katika mishipa ya utumbo. Jike mmoja aweza kutaga mamia ya mayai kwa siku. Mengine hutoka na choo, lakini mengi husombwa na damu hadi kwenye ini na kukwama humo.

Mwili huyazungushia mayai hayo kovu. Miaka ikipita, makovu hubana mishipa, na damu hukosa njia. Wengu huvimba, tumbo hujaa maji, na mishipa ya umio hutanuka. Siku moja mtu aliyeonekana mzima anatapika damu beseni zima. Majirani husema karogwa, au huhesabu chupa alizokunywa.

Hapo ndipo tunapokosea. Pombe huua chembe za ini lenyewe. Kichocho huziacha chembe nyingi zikifanya kazi na kuziba njia za damu, hivyo vipimo vya damu vya ini vyaweza kuonekana vizuri huku hatari ikiongezeka. Kinachofichua mambo ni kupima choo ili kutafuta mayai, na picha ya mawimbi ya sauti. Aliyelelewa kando ya ziwa na sasa anafanya kazi ofisini mjini asijidhanie amepona kwa kuhama. Minyoo hii yaweza kuishi mwilini miaka mingi. Amwambie daktari alikokulia, kwa maana daktari wa mjini huenda asiulize.

Dawa ipo, inaitwa praziquantel. Hupimwa kwa uzito wa mgonjwa, na huua minyoo iliyokomaa, si ile michanga, wala haizuii kuambukizwa tena. Kwa muda mrefu watoto wadogo walivunjiwa vidonge vya wakubwa. Dawa yao maalumu, ya kuanzia umri wa miezi 3 hadi miaka 6, ilijaribiwa Kenya na Côte d'Ivoire, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaiidhinisha.

Kuhusu watoto wa likizo, waoge maji yaliyochemshwa, au yaliyochotwa bila konokono na kukaa katika chombo kwa siku mbili, kwani vijidudu hivyo hufa visipopata mtu. Kama wamekwisha kuogelea, usikimbilie kupima siku ya pili. Mayai huanza kuonekana kwenye choo baada ya wiki sita au zaidi, kwa hiyo walioogelea Krismasi wapelekwe kupimwa kati ya Februari na Machi, hata kama hawalalamiki.