Tilapia wa Septemba: vidokezo vya kuvua kabla mvua haijaanguka

Baridi ya Juni na Julai imekwisha, koti limerudi kabatini, na mvua bado iko mbali kidogo. Kwetu Lubumbashi, juu huku kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, Septemba na Oktoba ndio msimu wa mvuvi wa ndoano. Maji yanaanza kupata joto, samaki wanatoka kilindini na kusogea ukingoni, mahali ambapo hata mtu mwenye ufito wa mwanzi anawafikia. Huna muda? Jumamosi moja inatosha. Twende!

1. Lala kwanza, tilapia naye amelala

Mvuvi hodari huamka alfajiri, sivyo? Septemba, hapana. Usiku bado una baridi, na maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hamu ya tilapia ya kula hupungua sana. Kunywa chai yako kwa raha. Nenda jua likishapanda, tafuta ukingo ambao umepigwa na jua tangu asubuhi, wenye maji ya magotini mpaka kiunoni. Katikati ya Oktoba, joto likishakuwa kali, geuza ratiba: sasa ndiyo alfajiri, au jioni jua likizama.

2. Chagua maji kabla ya kuchagua ndoano

Hapa sitanii. Mji wetu umeishi kwa shaba, na mito inayopita karibu na viwanda na migodi, kama Kafubu na Naviundu, si mahali pa kutafutia kitoweo. Hata ziwa Tshangalele, lile lililozaliwa na bwawa la umeme la Mwadingusha kwenye mto Lufira, linapokea maji yanayotoka upande wa viwanda vya Likasi, na watafiti wamekuta metali ndani ya samaki wa Lufira ya juu. Usijidanganye kwamba maji maangavu ni maji safi. Kobalti haionekani kwa macho, na kukaanga hakuiondoi. Tafuta mabwawa ya mashamba yaliyo mbali na migodi, yanayolishwa na chemchemi. Ukiwa na siku mbili na gari lisilolalamika, kamata njia ya Kasenga ukaukute mto Luapula.

3. Mwenye bwawa ndiye ramani yako

Ufugaji wa tilapia si jambo geni huku: kituo cha Kipopo, nje kidogo ya mji, kilikuwa kikichunguza samaki wa mabwawani tangu wakati wa Wabelgiji. Kwa hiyo ukifika shambani, usianze na ndoano, anza na salamu. “Jambo papa, habari ya kazi?” Mkubaliane bei ya kilo mapema, kisha uliza swali moja tu la maana: samaki anawalisha nini, na anasimama wapi akiwalisha? Kama ni pumba za mahindi pale kwenye kona ya mwembe, basi kiti chako kiko kwenye kona ya mwembe.

4. Chambo kimelala sufuriani

Bukari ya jana! Chukua kipande kigumu, ongeza unga kidogo wa ngano na tone la mafuta, kanda mpaka kisishike vidole. Siri iko hapa: changanya na nyuzi chache za pamba, ndipo kitang'ang'ania ndoano badala ya kuyeyuka majini. Viringisha kidonge kama punje ya haragi. Ndoano iwe ndogo, namba 8 au 10, maana mdomo wa tilapia si mkubwa kama unavyofikiri.

Kuna tilapia mwingine, yule mwenye kifua chekundu, anayependa majani kuliko nyama. Mtungie kwenye ndoano jani changa la matembele, umwone anavyokuja. Na kambale? Huyo hachagui. Matumbo ya kuku, giza likiingia, karibu na matope.

5. Babushi iliyokatika bado ina kazi

Usinunue boya. Kata kipande cha babushi kuukuu, kidogo kama kizibo cha chupa, kitoboe kwa msumari wa moto, pitisha nailoni, ufunge na kijiti ili uweze kukipandisha na kukishusha. Chubwi iwe nyepesi, chambo kielee kiganja kimoja juu ya matope.

Sasa tazama. Boya likicheza-cheza, hao ni watoto wanaoonja, waache. Likilala ubavu kisha likaanza kutembea kando pole pole, hapo vuta, kwa kiwiko tu, si kwa bega zima. Anayevuta kwa nguvu za kubeba magunia hurudi na mdomo wa samaki bila samaki.

6. Msubiri jambazi kwenye magugu

Huko Marekani wavuvi wa burudani wana wazimu na samaki aitwaye basi, mwenye mdomo mpana, hata akapelekwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929. Sisi tuna wetu: nsuku wa Luapula, jamaa wa tilapia anayekula samaki wenzake. Anajificha pembeni mwa magugu na magogo akisubiri mdogo apite. Mtupie kisamaki kidogo, au kijiko cha bati kinachometameta, sambamba na magugu, si katikati ya maji matupu. Vuta, simama, vuta. Mara nyingi hushika pale unaposimama.

7. Ukiona visahani chini ya maji, tulia

Zile duara safi kwenye mchanga ni viota. Dume ndiye anayechimba na kulinda, na jike wa aina nyingi hubeba mayai mdomoni. Ukivua jike mwenye koo iliyovimba, mrudishe haraka, bila kumbana. Lakini kwenye bwawa la shamba lililojaa vitilapia visivyokua, mambo hugeuka: pale, kuondoa wadogo wengi ni msaada kwa mwenye bwawa, atakushukuru. Muulize tu.

8. Miguu mikavu, tafadhali

Kukaa ukingoni kunatosha. Kuingia majini ni kutafuta kichocho, na Luapula ina mamba wasiojua utani. Keti chini, kivuli chako kisianguke majini, maana samaki anakiona kabla hujaona boya. Na jambo la kalenda: upande wa Zambia uvuvi hufungwa tangu 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari. Kabla ya kupanga safari ya mwisho wa mwaka, ulizia idara ya uvuvi ya jimbo kuhusu amri ya kufunga upande wetu.

9. Njia ya nyumbani ni joto

Oktoba samaki huharibika upesi kuliko unavyodhani. Mtoe matumbo na mashavu palepale, mfunike kwa gunia lililoloweshwa, mweke kivulini. Mfuko wa plastiki humchemsha. Ukifika, mpasue mbavuni, chumvi, pilipili, ndimu, halafu makala. Mwambie mtu asonge bukari mapema, maana tilapia wa ukubwa wa kiganja huiva haraka.