MASOMO YA JIKONI: MABAKI YA PAJA LA NGURUWE

Paja la nguruwe lililotiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi ni chakula cha sikukuu. Hununuliwa kwa fedha nyingi, huchemshwa kwa saa kadhaa, kisha hukatwa vipande vyembamba mbele ya wageni. Mwisho wa karamu hubaki mfupa na vijipande vidogo visivyofaa kuandaliwa tena mezani. Wahenga walisema kwamba akiba haiozi, lakini akiba ya nyama huoza, tena upesi. Somo hili laeleza jinsi vijipande hivyo viwezavyo kugeuzwa kuwa saladi laini ya kupaka mkate, na jinsi ya kuilinda isije ikaleta maradhi.

Nyama ya namna hii si ngeni katika nyanda za juu za Kenya. Katika karne ya 20, kwa miaka mingi, kiwanda cha Uplands karibu na Limuru kilitengeneza nyama ya nguruwe ya chumvi, na walowezi wa Trans Nzoia waliizoea mezani mwao. Nyumba iliyoko Matisi, pembeni mwa mji wa Kitale, hupata maziwa, mayai, vitunguu na kabichi bila taabu kubwa. Friji, hata hivyo, haimo katika kila nyumba, na hiyo ndiyo sababu ya maonyo yaliyomo katika somo hili.

VITU VINAVYOTAKIWA

Kikombe kimoja na nusu cha nyama iliyokatwakatwa, mayai mawili, kikombe kimoja cha maziwa, vijiko vikubwa viwili vya siagi na viwili vya unga wa ngano, vijiko vikubwa viwili vya siki, nusu kijiko cha chai cha haradali, kitunguu kidogo, na kabichi changa au tango kidogo. Chumvi isiongezwe, kwa maana nyama yenyewe inayo ya kutosha.

Watu wengi hutengeneza urojo wa saladi kwa kupiga mayai mabichi pamoja na mafuta. Njia hiyo haifai katika jiko lisilo na friji, kwa kuwa yai bichi laweza kuwa na vijidudu viletavyo kuhara na homa. Urojo wa somo hili hupikwa, na mayai yake huchemshwa mpaka yawe magumu.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Kwanza, mayai yachemshwe kwa dakika 15. Kitale iko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,900, na maji huchemka huko kwenye nyuzi kama 94, wala si 100 kama Mombasa. Kwa hiyo yai hutaka muda mrefu zaidi kuliko pwani.

Pili, siagi iyeyushwe juu ya moto mdogo, unga utiwe, na vikorogwe kwa dakika moja. Maziwa yamiminwe kidogo kidogo huku mwiko ukizunguka, mpaka urojo uchemke na kuwa mzito. Sufuria iondolewe motoni na kuwekwa ndani ya karai lenye maji baridi, na maji hayo yabadilishwe yakipata joto.

Tatu, viini vya mayai vipondwe kwa uma pamoja na haradali na siki, kisha vichanganywe na urojo uliopoa.

Nne, mikono ioshwe kwa sabuni, na ubao na kisu vioshwe kwa maji ya moto. Nyama ikatwekatwe sana, au isagwe kwa mashine ya kusagia nyama. Ute wa mayai, kitunguu na kabichi iliyooshwa vikatwe vidogo vidogo, kisha vyote vichanganywe na urojo. Saladi hii hupakwa juu ya mkate, au huliwa kwa viazi vilivyochemshwa. Nyama ambayo isingemtosha mtu mmoja au wawili sasa hutosha watoto sita.

HATARI ILIYOJIFICHA

Chumvi na moshi huilinda nyama kwa kiasi fulani. Lakini ikishakatwakatwa, kuguswa kwa mikono na kuchanganywa na maziwa, ulinzi huo hupungua sana. Viko vijidudu viishivyo puani mwa watu, juu ya ngozi, na hasa ndani ya majipu na vidonda vya vidole. Vikiingia katika nyama iliyopikwa na kuachwa katika joto la chumba, huzaana na kutoa sumu. Sumu hiyo haibadilishi harufu wala ladha ya chakula, na kuchemsha chakula upya hakuiondoi. Mtu aliyeila huanza kutapika baada ya nusu saa hadi saa nane. Mtoto mdogo anayetapika na kuhara hukaukiwa maji mwilini upesi. Apewe maji ya chumvi-sukari yatolewayo zahanati, na apelekwe huko bila kukawia.

Basi sheria ni hii: tangu nyama ilipotoka katika chungu au friji mpaka saladi iliwe, zisipite saa mbili. Nyama iliyopakuliwa saa saba mchana, saladi yake iwe imekwisha kuliwa saa tisa. Ni vizuri urojo utengenezwe mapema kidogo, wakati nyama ingali motoni. Mwenye friji aitie saladi humo ndani ya saa hizo, na aimalize kwa siku tatu. Baridi ya usiku wa Kitale, ingawa humfanya mtu ajifunike blanketi mbili, si badala ya friji. Mtu mwenye jipu au kidonda mkononi asiitengeneze kabisa. Mfupa nao utiwe katika chungu cha maharagwe siku ile ile, kabla ya saa hizo kupita.

MABAKI YASIPEWE NGURUWE

Saladi iliyopitwa na wakati isitupwe bandani. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, haimdhuru mwanadamu, lakini huua karibu nguruwe wote wanaoipata, wala haina dawa ya kuitibu. Kisababishi chake huweza kuishi muda mrefu ndani ya nyama ya chumvi. Mwaka 1957 ugonjwa huo ulifika Ureno kwa sababu mabaki ya vyakula vya ndege yalilishwa nguruwe karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon. Vijipande vya karamu moja vyaweza kumaliza banda zima la jirani. Mabaki hayo yafukiwe katika shimo refu lisilofikiwa na mbwa wala nguruwe.

Kwa Waislamu, na kwa Wakristo ambao dhehebu lao hukataza nguruwe, saladi hii yatengenezeka vema kwa kuku aliyechemshwa, ikiongezwa chumvi kidogo. Sheria ya saa mbili ni ile ile, kwani vijidudu havichagui nyama.