Somo la Afya: Kwa Nini Tunaugua Mara kwa Mara Tangu Tulipohamia Nchi Ngeni?

 

Katika vikundi vya nyumbani swali hili limeulizwa sana, na kila mtu analiuliza kwa namna yake. Mmoja anasema, "Kule kwetu mtoto wangu alikuwa haijui hospitali, lakini hapa kila wiki tuko kwenye foleni." Mwingine anasema maji ya hapa hayamkubali. Wa tatu hasemi kwa sauti, ila anamtazama jirani yake na kuwaza mambo mengine kabisa. Huyo wa tatu ndiye aliyetufanya tuandike somo hili. Mawazo ya namna hiyo yamegombanisha nyumba zilizokuwa zikiombana chumvi, na yamefanya watoto wenye homa wapelekwe kwa waganga kwanza na zahanati baadaye, wakati mwingine wakiwa wamechelewa.

Fungueni Kitabu cha Ruthu, sura ya kwanza. Naomi alihama na mumewe na wana wao wawili kwenda Moabu kwa sababu ya njaa. Mume akafa huko, kisha wana wote wawili wakafa. Naomi mwenyewe aliona kwamba mkono wa Bwana umekuwa kinyume chake. Lakini angalieni vizuri: kitabu hakisemi walikufa kwa sababu gani. Hakitaji dhambi yao, wala hakisemi Wamoabu waliwaroga. Wahubiri wengi wamelijaza pengo hilo kwa maneno yao wenyewe. Sisi tuliache kama lilivyoachwa, tuulize swali lingine: mwili wa mtu unapata nini anapovuka mpaka?

Tutatumia mfano wa watu wa pwani ya kusini kabisa ya Somalia, kuanzia Kismayo, kupita visiwa vya Wabajuni kama Koyama, Chovai na Chula, hadi Ras Kamboni, pale Somalia inapoishia na Kenya kuanza. Wabajuni ni Waislamu na sisi ni Wakristo, lakini ukimbizi hauchagui dini, na lugha yao ni ndugu wa Kiswahili chetu. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwezi Januari 1991, wanamgambo waliingia pwani hiyo na kupora. Watu wengi wakapanda mashua na majahazi kwenda Kenya. Kuzunguka Mombasa zilifunguliwa kambi, kama Utange, Jomvu, Benadir na Swaleh Nguru. Kambi hizo za pwani zilifungwa katika miaka hiyo hiyo ya 1990. Baadhi ya watu wakarudi kwao, na wengine wakahamishiwa Dadaab na Kakuma, mbali kabisa na bahari.

Sasa mfikirie mvuvi wa Ras Kamboni. Amezoea upepo wa kusi na kaskazi, samaki wa kila siku, nazi, na kisiwa ambacho watu wake anawajua wote. Anajikuta kwenye nchi kavu yenye vumbi, anasimama foleni ya maji pamoja na watu waliotoka pande zote, anakula unga na maharagwe. Akianza kuugua, sababu zinaweza kuwa za aina tatu: kitu kilichokuwa kinamngoja huku, kitu alichokuja nacho bila kujua, au kitu alichokiacha nyuma.

Tuanze na kilichomngoja. Mwili una kinga, na kinga hiyo hujifunza kama mtoto anavyojifunza njia za kijijini. Inavifahamu vijidudu vya mahali ulipokulia. Ukihama unakutana na vingine ambavyo haijawahi kuviona, basi unaharisha na kukohoa kuliko mwenyeji anayekunywa maji yale yale. Mwenyeji hana dawa ya siri. Yeye aliugua zamani, alipokuwa mdogo.

Juu ya hilo kuna msongamano. Mwezi Mei 2015, makumi ya maelfu ya ndugu zetu wa Burundi walifika Kagunga, kijiji kidogo cha Kigoma kilicho kati ya milima na Ziwa Tanganyika, wakingoja meli ya Liemba iwachukue. Vyoo havikutosha, na maji ya kunywa yalikuwa yale ya ziwa. Kipindupindu kikaingia. Katika wiki chache wagonjwa walipita 3,000, na watu wapatao 30 walikufa. Huko Dadaab mwaka 2012 ulizuka ugonjwa wa ini, homa ya manjano ya macho inayoitwa hepataitisi E, ambayo nayo hupita katika maji machafu. Huo ni hatari zaidi kwa mama mjamzito, kwa hiyo mjamzito akiona macho yake yanageuka manjano asingoje kesho. Mwaka 2013 polio ililipuka Somalia, ikafika Dadaab pia. Sehemu kubwa ya kusini mwa Somalia ilikuwa chini ya Al-Shabaab, waliokuwa wamepiga marufuku kampeni za chanjo, kwa hiyo watoto wengi walikuwa hawajapata hata tone moja. Hapa hakuna la mchawi. Kuna choo, maji na chanjo.

Malaria inahitaji maelezo marefu kidogo, maana ndiyo inayotudanganya zaidi. Katika Somalia malaria ni nyingi zaidi kusini, hasa kandokando ya mito ya Juba na Shabelle. Mtu aliyekulia huko, akiumwa mara nyingi utotoni na akapona, hupata kinga ya nusu nusu. Haimzuii kuambukizwa, lakini inamfanya apate homa ndogo pale ambapo mgeni angelazwa. Kinga hiyo hudumu kwa sababu mbu wanaendelea kumwuma. Akihamia mahali pasipo na malaria nyingi, kinga hupungua polepole bila yeye kuhisi. Ndiyo maana kijana aliyekaa miaka Nairobi au Ulaya akienda Kismayo kumwona bibi yake anaweza kuugua vibaya sana, huku bibi akiendelea na kazi zake. Watoto waliozaliwa ugenini hawana hata hiyo nusu. Na mambo huenda upande wa pili pia: waliotoka milima ya Burundi, kwenye baridi na mbu wachache, waliposhuka mkoani Kigoma walikutana na malaria kali, na katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyowasumbua watu zaidi.

Kwa hiyo mzee anaposema, "Mimi malaria naijua, haiwezi kuniua," tumheshimu, lakini tumwulize: mara ya mwisho uliishi nayo lini? Kama ni miaka mingi, mwili wako umeshasahau. Alale ndani ya neti kama mtoto.

Sasa tulichokuja nacho. Mwaka 1997 Wabarawa wapatao 4,000, watu wa pwani hiyo hiyo ya Somalia waliokimbilia Kenya, walikuwa wanajiandaa kwenda kuishi Marekani. Kabla ya safari madaktari waliwapima 390 kati yao. Waliokutwa na vimelea vya malaria katika damu walikuwa 26, na waliokutwa na vimelea vya tumboni, kama minyoo, walikuwa 128. Hao walikuwa watu wa kutembea na kufanya kazi, si wa kulala kitandani. Basi wote wakapewa dawa ya malaria siku moja au mbili kabla ya kupanda ndege, na dawa ya minyoo kwa waliostahili. Wajawazito na watoto wadogo sana hawakupewa hiyo ya minyoo. Bila hivyo, baadhi yao wangeweza kuugua wiki chache baada ya kufika, na ndugu zao wangesema ni baridi ya Marekani. Kumbe safari ilimkuta mgonjwa tayari, ila hakujijua.

Kifua kikuu nacho kina tabia hiyo. Vijidudu vyake vinaweza kulala mwilini miaka mingi bila dalili yoyote, halafu vikaamka mtu anapodhoofika kwa njaa, kwa kisukari, kwa virusi vya Ukimwi au kwa uzee. Kwa watu waliohamia nchi tajiri, hatari huwa kubwa zaidi katika miaka ya kwanza baada ya kufika. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kukonda bila sababu: nenda ukapimwe makohozi. Familia nyingine huficha kikohozi wakiogopa kwamba faili lao la safari litasimamishwa. Ni kweli safari inaweza kusubiri mpaka dawa zifanye kazi. Lakini kifua kikuu kinatibika, na kinachofichwa huwaambukiza wale wale mnaolala nao chumba kimoja.

Jambo la tatu ni tulichokiacha, yaani chakula. Hili halizungumzwi vya kutosha, labda kwa sababu tumezoea kufikiri ugonjwa ni lazima uletwe na kidudu. Katika miaka ya 1980, kwenye kambi za Waethiopia waliokimbilia Somalia na Sudan, watu walitokwa na damu kwenye fizi, viungo vikauma, wakashindwa kutembea. Ilikuwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga mbichi. Mwaka 1990 huko Malawi, karibu watu 18,000 miongoni mwa wakimbizi wa Msumbiji walipata pelagra: ngozi inababuka sehemu zinazopigwa na jua, tumbo linaharisha, akili inavurugika. Ukitaka mtu adhaniwe amerogwa, pelagra inatosha. Na chanzo kilikuwa nini? Mgao wa karanga ulikatika, watu wakabaki na mahindi peke yake. Karanga zinabeba vitamini ambayo mwili hauipati vizuri kutoka kwenye mahindi.

Mvuvi wa Ras Kamboni hakuwahi kusomea vitamini. Bahari ilimpa samaki, akala. Alipoiacha bahari aliacha na dawa hiyo bila kujua. Tunajua mgao haujazi sufuria na kwamba nyumba nyingine huuza sehemu yake ili wapate kuni au sabuni. Hatuwalaumu. Lakini kama kuna karanga au maharagwe, hayo yawe ya mwisho kuuzwa. Mchicha, kunde na majani ya maboga huota hata kwenye gunia lenye udongo, kwa maji yaliyosuuzia mchele. Akina mama waliotoka Kivu wanalijua hili kuliko sisi tunaoandika.

Kwa wanaongoja kupelekwa nchi za baridi, neno fupi. Mwaka wa kwanza watoto watapata mafua mara nyingi sana, kwa sababu vijidudu vya kule ni vipya kwao na watu hujifungia ndani na madirisha. Mara nyingi hupungua miaka inayofuata. Jua nalo ni dogo, na ngozi nyeusi hutengeneza vitamini D polepole zaidi, kwa hiyo mwulizeni daktari kuhusu maumivu ya mifupa na uchovu usioisha. Mengine huja taratibu: soda, mikate, kukaa sana, kisha presha na kisukari. Wahamiaji wengi hufika wakiwa na afya kuliko wenyeji, na baada ya miaka kadhaa wanafanana nao.

Na huzuni? Nayo inaugua mwilini. Mtu aliyezika bila matanga, asiyelala usiku, asiyejua ndugu yake yuko hai au la, atapata maumivu ya kichwa, tumbo na mgongo ambayo vipimo havioni. Tusimwambie anajifanya, wala tusimwambie imani yake ni ndogo. Mtembelee, kaa naye, na mwambie mhudumu wa afya pia.

Sasa tuje kwenye zahanati. Mhudumu anapouliza, "Umetoka wapi? Umefika lini? Ulipitia wapi?" wengi wetu tunashtuka. Tumeulizwa maswali hayo na askari, na tumejifunza kujibu kifupi. Lakini yule wa zahanati anatafuta ugonjwa. Homa ya mtu aliyefika juzi kutoka Juba ya Chini si lazima iwe sawa na homa ya mtu aliyezaliwa hapa. Usipomwambia kwamba ulirudi nyumbani mwezi uliopita kuzika, anaweza kukupa dawa ya mafua wakati malaria inakula damu yako. Mwambie ulikotoka, tarehe uliyofika, chanjo ambazo mtoto amepata na ambazo hajapata. Kadi ikipotea njiani, sema imepotea. Kuchanjwa upya kwa kawaida hakumdhuru mtoto.

Mtoto akiharisha, anza kumnywesha nyumbani kabla hujafika kwenye foleni: lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazishwa, kidogo kidogo kila mara. Anayenyonya aendelee kunyonya. Akilegea, macho yakididimia au akashindwa kunywa, mbebe uende saa hiyo hiyo, hata usiku.

Maswali ya vikundi vya nyumbani: Ulipofika hapa uliugua nini kwanza, na leo unadhani kilikungoja huku, ulikuja nacho, au ulikiacha chakula chake nyuma? Ni chakula gani cha kwenu kinachoweza kuota au kupatikana hapa? Katika kikundi chenu, nani amelaumiwa kwa ugonjwa wa mtoto wa mwenzake, na nani kati yenu atakwenda kumwamkia wiki hii?