Kwa Nini Mlinzi Huipenda Kazi Yake?

Mwaka huu nimeomba nafasi niandike juu ya kazi ambayo tunaiona kila siku lakini hatuitazami, nayo ni kazi ya ulinzi.

Nitaanza kwa kuungama. Baba yangu ni mlinzi wa usiku hapa mjini Nakuru, na tangu niingie kidato cha kwanza sijapata kumwambia mwenzangu yeyote. Nikiulizwa hujibu, "Mzee anafanya kazi tauni," halafu nanyamaza. Muhula wa kwanza mwalimu alituambia kila mmoja achunguze kazi moja na aeleze kwa nini watu huipenda. Wengi walichagua udaktari na urubani. Mimi nilichagua ulinzi, kwa sababu nilitaka kujua, na pia kwa sababu nilikuwa nimechoka kuficha.

Kwanza tutazame maneno, maana hiki ni chama cha lugha. Askari na bawabu ni maneno yaliyotoka Kiarabu. La kwanza lilihusu jeshi na la pili ni mtu akaaye mlangoni. Mlinzi latokana na kitenzi linda, na humo humo tunapata lindo, yaani mahali au zamu ya kulinda. Hapa kwetu mitaani wengi husema soja, neno lililotoka kwa Waingereza. Neno lenyewe si baya. Ubaya ni vile tunavyolitamka: "We soja, fungua geti!" kana kwamba anayeitwa hana jina wala watoto.

Niliongea na walinzi watano. Mmoja husimama mlangoni mwa benki katika barabara ya Kenyatta, mmoja yuko kwenye ghala, wa tatu ni mama anayekagua mikoba hospitalini, wa nne ni mjomba wangu aliye katika shamba la maua Naivasha, na wa tano ni baba. Hizi ndizo sababu walizonipa.

Sababu ya kwanza ni kuaminiwa. Mlinzi huachiwa funguo za mali ambayo yeye mwenyewe hawezi kuinunua hata akifanya kazi miaka mia. Mzee wa ghala aliniambia kuwa tajiri wake akienda safari hulala usingizi kwa sababu yeye yuko macho. Waama, mshahara hulipwa kila mwezi, lakini imani ya mtu hailipwi kwa pesa, huipati ila kwa kukaa naye.

Sababu ya pili ni kuokoa maisha. Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, magaidi walifika na lori lenye bomu kwenye lango la nyuma la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Wakamwamuru mlinzi afungue. Mlinzi huyo, Mkenya asiye na bunduki, akakataa. Bomu lililipuka pale nje, na watu zaidi ya 200 wakafa, msiba ambao wazazi wetu hawajausahau. Hata hivyo, lori halikupata kuingia katika maegesho yaliyo chini ya jengo. Tena huko Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, magaidi waliovamia chuo kikuu na kuua watu 148 walianza kwa kuwapiga risasi walinzi wa langoni. Adui anajua thamani ya mlinzi. Je, sisi tunaijua?

Sababu ya tatu ni kujuana na watu. Yule mama wa hospitalini huwaelekeza wagonjwa, humshika mkono mzee asiyeona vizuri, na hujua nani amekuja kujifungua na nani amefiwa. Alisema kuwa wengi humsahau, lakini wachache hurudi kumshukuru, na hao wachache humtosha.

Sababu ya nne ni kwamba kazi hii ni ngazi. Mtu huanza langoni na rungu, tochi na kitabu cha wageni. Akiwa na bidii hujifunza huduma ya kwanza, kuzima moto, kuongoza mbwa, au kukaa chumba cha mitambo kuangalia kamera. Mjomba wangu alianza kwa kuzunguka ua wa shamba usiku, na sasa ndiye anayewapanga wenzake zamu. Aidha, tangu mwaka wa 2016 tuna sheria ya kusimamia ulinzi wa kibinafsi, iliyounda mamlaka yake maalum. Kwa sheria hiyo mlinzi hupaswa kusajiliwa na kupewa mafunzo. Pia anaruhusiwa kukuomba kitambulisho na kuandika saa uliyoingia na saa uliyotoka. Kwa hiyo akikuuliza jina usimkasirikie, hiyo ndiyo kazi yake.

Fauka ya hayo, nisiwadanganye kwamba ni asali tupu. Baba huingia lindoni saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Mwezi wa Julai, upepo ukishuka kutoka Menengai, koti moja si kitu. Agizo la serikali la mishahara ya chini humtaja mlinzi wa usiku peke yake na kumwekea kiwango kinachozidi cha mlinzi wa mchana, lakini si kila mwajiri hufuata. Mwaka wa 2024 ile mamlaka ilipotangaza shilingi 30,000 kwa walinzi wa Nairobi, jambo hilo lilifika kortini. Wahenga walisema, kazi mbi si mchezo mwema. Hata hivyo, methali hiyo isiwe kisingizio cha kumpunja mtu jasho lake.

Sababu ya tano aliniambia baba, tena bila kukusudia. Nilimuuliza ni usiku gani hatausahau. Akafikiri, kisha akasema kuwa mwaka jana aliona moshi ukitoka katika kibanda kilicho mkabala na lindo lake. Akavuka barabara mbio, akapiga mlango kwa rungu mpaka mama mmoja na watoto wake wawili wakaamka. Jiko la makaa lilikuwa limeangukia gunia. Wakamwaga maji, mambo yakaisha. Nilishangaa. "Baba, mbona hukutuambia?" Akajibu, "Ningewaambia nini? Hakuna kilichoungua."

Jibu hilo lilinikaa kichwani siku nyingi. Seremala akimaliza kazi tunaona kiti, na mkulima wa Molo tunaona viazi vyake sokoni. Lakini mlinzi akifanya kazi vizuri hakuna cha kuonyesha. Duka linafunguliwa kama jana, watoto wanakwenda shule kama jana, na hakuna anayejua kuwa palikuwa na hatari. Nadhani ndiyo maana tunamdharau, na ndiyo maana yeye mwenyewe huridhika. Anajua jambo ambalo sisi hatulijui.

Wasomaji wapenzi, hela za chakula changu cha mchana hapa shuleni hutoka katika usiku wa baba. Nilipomsomea makala haya aliuliza kama kweli nitayachapisha na jina langu chini. Nikamwambia ndiyo. Hakusema neno, alichukua tochi yake akaenda kazini mapema kidogo kuliko kawaida.

Kesho asubuhi ukipita langoni, msalimie mlinzi wetu. Fungua mkoba bila kununa. Na ukiulizwa ni nani baba yake mlinzi, jibu ni mimi.

Maswali ya kujadili katika chama:
1. Taja kazi nyingine tatu ambazo zikifanywa vizuri hakuna anayeona kitu.
2. Tunga sentensi kwa kila neno: lindo, bawabu, doria, zamu.
3. Je, ni haki mlinzi wa usiku kulipwa zaidi ya mlinzi wa mchana? Toa sababu zako.